Tumbo likikataa maziwa, mifupa isidhulumiwe

Leo naomba tuweke kando mijadala yetu mikubwa tuliyoizoea katika ukurasa huu, tuzungumzie jambo lililo ndani ya vikombe na sufuria zetu. Ni dogo kwa kulitazama, lakini linagusa uhai wa mama zetu na miguu ya watoto wetu.

Mkoa wetu wa Mara ni mkoa wa ziwa na ni mkoa wa maziwa. Ukitoka Musoma mjini kwenda Butiama utakutana na ng'ombe njiani, na ukielekea Bunda utakutana nao tena. Kwa watu wa hapa, kikombe cha maziwa ni heshima. Mgeni akifika hupewa maziwa kabla ya kuulizwa habari za safari.

Sasa chukua mtu ambaye kila akinywa maziwa tumbo linaunguruma, linajaa gesi, linasokota, na haupiti muda mrefu kabla hajatafuta choo. Mtu huyu akisema, "Maziwa yananikataa," atapewa moja ya majibu matatu. La kwanza, anaringa, ameshakuwa mtu wa mjini. La pili, ana vidonda vya tumbo. La tatu, amefanyiwa kitu na watu. Nimefundisha baiolojia katika shule za mkoa huu kwa miaka mingi na majibu hayo matatu nimeyasikia misikitini, kwenye mabasi na hata katika vyumba vya walimu. Jibu la nne, ambalo mara nyingi ndilo la kweli, husikika kwa nadra.

Kinachotokea tumboni

Maziwa yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe, yaani robo lita, kina takriban gramu 12 za sukari hiyo. Ili mwili uitumie, utumbo mwembamba lazima uivunje kwanza kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa laktasi. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya hiki kwa wingi, kwani uhai wake unategemea maziwa ya mama. Lakini kwa watu wengi, baada ya kuachishwa ziwa, kimeng'enya hicho hupungua mwaka hadi mwaka.

Kikipungua, sukari ya maziwa hupita bila kuvunjwa hadi utumbo mpana. Huko inakutana na bakteria ambao huichachusha. Uchachushaji huo ndio unaoleta gesi na mngurumo, na sukari yenyewe huvuta maji, ndipo mtu anapoharisha. Huo si uchawi, si deko, na kwa kawaida hauharibu utumbo. Ni usumbufu tu, ingawa ni usumbufu unaoaibisha.

Na watu hawa si wachache. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hawawezi kuivunja vizuri sukari hiyo. Kwa hiyo anayesumbuliwa na maziwa asijione mgonjwa wa ajabu. Kwa hesabu ya dunia nzima, yeye ndiye wa kawaida.

"Lakini sisi ni wafugaji!"

Hapa ndipo wazee wetu wanaponijia juu. Wanasema, "Mwalimu, hayo ni ya watu wa mjini. Sisi tumekua kwa maziwa." Hoja yao ina ukweli ndani yake, na ukweli huo umepimwa hapa hapa kwetu.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Timu yake iliwapima watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walinyweshwa maji yenye sukari ya maziwa, kisha damu zao zikapimwa kuona kama sukari inapanda. Ikipanda, maana yake utumbo umeivunja. Watafiti waligundua badiliko la urithi linaloufanya mwili uendelee kutengeneza laktasi hata ukubwani, na badiliko hilo limeenea sana Tanzania na Kenya. Walikadiria kuwa lina umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800, yaani nyakati ambazo ufugaji ulikuwa unaenea katika eneo letu. Ni tofauti na badiliko walilonalo watu wa Ulaya, na Waarabu wa Bara Arabu nao wana la kwao.

Kwa hiyo ni kweli, jamii iliyoishi kwa mifugo karne na karne ina watu wengi zaidi wenye uwezo huu. Lakini wengi si wote. Urithi huu hupita kwa mtu mmoja mmoja. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana, mmoja akanywa kibuyu kizima na mwingine akashindwa na nusu kikombe. Na Musoma ya leo ni mji wa watu mchanganyiko: Wakurya, Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Wajaluo, Wasukuma, Waha, na ndugu zetu wenye asili ya Pwani, Uarabuni na Bara Hindi. Kumwambia mtu, "Wewe ni wa kabila fulani, lazima unywe," ni kuhukumu bila ushahidi.

Mzio ni jambo jingine

Tusichanganye mambo mawili. Kushindwa kuvunja sukari ya maziwa si sawa na mzio wa maziwa, ambao mitaani tunauita aleji. Mzio ni kinga ya mwili kuipiga vita protini ya maziwa. Huwapata zaidi watoto wadogo, na dalili zake zinaweza kuwa vipele, kuvimba midomo, kutapika au kubanwa pumzi. Mwenye mzio hata kijiko kimoja kinaweza kumdhuru, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari, si wa kujaribiwa nyumbani.

Nawaomba kina mama jambo moja hapa. Mtoto mchanga akiharisha, usikimbilie kumwachisha ziwa kwa kusikia kwamba maziwa yana laktosi. Karibu watoto wote wachanga wanaimudu sukari hiyo. Mpeleke kituo cha afya, huku ukiendelea kumnyonyesha.

Na kwa mtu mzima: kuharisha damu, kupungua uzito, homa zisizoisha au maumivu yanayokuamsha usiku si dalili za kikombe cha maziwa. Nenda ukapimwe.

Mtindi, chai na mbuzi

Anayesumbuliwa na maziwa afanye nini? Kwanza, ajipime mwenyewe kwa subira. Aache maziwa kwa wiki mbili, kisha aanze tena kwa kiasi kidogo. Wengi wataona kwamba hawalazimiki kuyaacha kabisa. Uchunguzi umeonyesha kwamba wengi wenye tatizo hili wanaweza kustahimili kama kikombe kimoja kwa wakati, hasa kikinywewa pamoja na chakula. Tatizo huwa kubwa wanapokunywa mengi kwa mpigo, tumbo likiwa tupu. Utaona basi kwa nini baadhi yetu huteseka Ramadhani. Mtu amefunga tangu alfajiri, adhana ya Magharibi inaadhiniwa, naye anaanza na bilauri kubwa mbili za maziwa baridi. Akianza na tende, maji na uji, kisha maziwa kidogo katikati ya chakula, huenda asisumbuke kabisa wakati wa Tarawehe.

Pili, kuna mtindi. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya ile sukari na kuigeuza kuwa tindikali, ndiyo maana mtindi ni mchachu. Zaidi ya hayo, wanaingia tumboni na kimeng'enya chao wenyewe na kusaidia kazi. Kwa hiyo wengi wanaoshindwa na maziwa mabichi au ya moto, mtindi wanaumudu, na kalsiamu yake imebaki palepale.

Lakini mtindi huo utokane na maziwa yaliyochemshwa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mkoani kwetu bado wapo wanaogandisha maziwa mabichi kwenye kibuyu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa brusela, ule unaofanya ng'ombe watupe mimba, na ambao kwa binadamu huleta homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, ukadhaniwa ni malaria isiyopona. Kugandisha peke yake si kinga ya kutegemea. Chemsha kwanza, acha yapoe, weka kijiko cha mtindi wa jana, funika.

Tatu, tusidanganyane. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi laktosi, kwa hiyo chai ya maziwa inahesabika. Maziwa ya mbuzi nayo yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe. Samli haina tatizo hilo, lakini pia karibu haina kalsiamu, kwa hiyo asijione amejaza pengo kwa kupikia samli.

Pengo lisiloonekana

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Mtu anayeacha maziwa hupata nafuu ndani ya siku mbili, akafurahi, akaishia hapo. Tumbo limenyamaza. Lakini mifupa haina sauti. Haiungurumi.

Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kilichobaki kimo katika damu na misuli, na bila hicho moyo hauwezi kupiga sawasawa. Kwa hiyo chakula kisipoleta kalsiamu, mwili hauachi damu ipungukiwe, unakwenda kukopa mifupani. Ukikopa kila siku bila kulipa, hazina inafilisika. Deni hilo mzee hulilipa anapoteleza bafuni na nyonga ikavunjika.

Mahitaji ni kiasi gani? Kipimo cha Marekani kwa mtu mzima ni miligramu 1,000 kwa siku, na kwa kijana anayekua 1,300. Uingereza inatosheka na 700 kwa mtu mzima. Kikombe cha maziwa kina takriban miligramu 300. Utaona kwamba anayetoa vikombe viwili kwenye siku yake ametoa sehemu kubwa, na ugali mweupe hautamrudishia.

Wengine wanasema: tuna jua, mifupa yetu iko salama. Jua ni neema, linaupa mwili vitamini D inayosaidia kalsiamu kufyonzwa. Lakini jua peke yake halitoshi. Huko Jos, Nigeria, kwenye jua kama letu, watafiti waliwachunguza watoto wenye matege na kukuta wanakula takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba kalsiamu, ikiwa peke yake au pamoja na vitamini D, iliwaponya vizuri kuliko vitamini D peke yake. Hawakukosa jua watoto wale, walikosa chakula.

Na dada zetu wanaojisitiri, na wanaoshinda ndani ya nyumba za mjini, wasisahau upande wa pili. Ua wa nyumba, usiopitiwa na macho ya watu, unatosha kwa kuota jua mikononi na miguuni mara kadhaa kwa wiki. Stara na afya havigombani.

Mama mjamzito

Suala zito zaidi ni la mjamzito. Upungufu wa kalsiamu katika chakula unahusishwa na presha ya ujauzito, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba na kuondoka na mama na mtoto kwa pamoja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2013, lilipendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu ya vidonge kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula kina kalsiamu kidogo. Tatizo ni kwamba hivyo ni vidonge vingi na gharama yake si ndogo.

Watanzania wamechangia kulitafutia jibu. Januari 2024 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili makubwa, moja India na jingine Dar es Salaam, kila moja likiwa na wanawake 11,000 wenye ujauzito wa kwanza. Nusu walipewa miligramu 500 kwa siku na nusu 1,500. Kwa Dar es Salaam, presha hiyo ya ujauzito iliwapata asilimia 3.0 ya waliopewa dozi ndogo na asilimia 2.7 ya waliopewa dozi kubwa, na watafiti wakahitimisha kwamba kwa ugonjwa huo dozi ndogo haikuwa duni kuliko kubwa. Hii ni habari njema kwa nchi kama yetu. Ewe mume, mkeo akianza kliniki, muulizeni mhudumu kuhusu kalsiamu. Na vidonge vyake visimezwe pamoja na vile vya kuongeza damu, vipishane kwa saa kadhaa, kwani kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri.

Maziwa yakikataa, ziwa lipo

Nimesema Mara ni mkoa wa maziwa na wa ziwa. Rehema ni kwamba kile ambacho kikombe kinamnyima mtu, ziwa linampa. Dagaa anayevuliwa usiku wa giza kwa taa, akaanikwa na kuuzwa kwa kopo katika masoko ya Musoma na Bunda, huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na kalsiamu imo katika mifupa hiyo. Kwa uzito ule ule, dagaa mkavu anayapita maziwa mara nyingi. Nigeria hiyo hiyo, mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya watoto wenye matege waliotibiwa kwa samaki waliosagwa, na mifupa yao ikaimarika.

Lakini nimeona mjini mtindo wa kuchambua dagaa, kutoa vichwa na miiba, kabaki kinyama kidogo cheupe. Ndugu yangu, ulichotupa jalalani ndicho ulichokihitaji. Chagua dagaa aliyeanikwa juu ya kichanja badala ya mchangani, muoshe vizuri, mkaange mzima. Kwa mtoto, msage awe unga na uchanganye kijiko kwenye mboga au uji.

Baada ya ziwa kuna shamba. Ulezi una takriban miligramu 350 za kalsiamu kwa kila gramu 100 za unga, hakuna nafaka yetu nyingine inayoufikia. Ukiuloweka au kuuchachusha kabla ya kupika, mwili unaifyonza kalsiamu hiyo vizuri zaidi. Sukuma wiki nayo ni nzuri. Mchicha una faida nyingi, lakini una kemikali inayoishika kalsiamu na kuuzuia mwili kuifyonza yote, kwa hiyo usiwe tegemeo la pekee. Uji wa ulezi asubuhi, dagaa wazima na sukuma wiki mchana, mtindi kidogo jioni kwa anayeuweza: hiyo ni siku ya mtu wa kipato cha chini, na mifupa imepata haki yake.

Adabu ya anayekaribisha na anayekaribishwa

Kuna nyumba moja huko Butiama ambako niliitwa kusuluhisha jambo. Kijana alioa binti wa pwani ya ziwa, upande wa Bunda. Binti alikuwa mjamzito na hanywi maziwa. Mama mkwe aliniambia kwa uchungu, "Mwalimu, huyu mkwe wangu anatudharau. Ng'ombe wote hawa, na kikombe anakirudisha." Binti alikuwa kimya, ameinamisha uso. Nilimwuliza taratibu kama kwao aliwahi kunywa. Akajibu, "Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nakunywa nikiwa mdogo. Sasa nikinywa nalala chooni, naona aibu kusema mbele ya mama." Nikamweleza yule mama kama nilivyokueleza wewe msomaji. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mtindi?" Wakakubaliana kujaribu mtindi wa maziwa ya kuchemsha, vijiko vichache pamoja na ugali, na kijana akaagizwa dagaa sokoni. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyesema dagaa wasitolewe vichwa.

Maziwa ni neema iliyotajwa katika Qur'an, Surat An-Nahl aya ya 66, na hakuna anayebishana na hilo. Lakini neema si shuruti. Tunafahamu kutoka kwa Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa na desturi ya kukitia ila chakula: alikila alichokitaka na kukiacha asichokitaka. Hapo kuna funzo kwa pande mbili. Mgeni asikejeli kikombe cha mwenyeji wake, aseme kwa upole kwamba tumbo lake haliyawezi. Na mwenyeji asimlazimishe mgeni na kumwita mwenye kiburi.

Nimalizie kwa ombi kwa wanaoandaa futari, walima na chakula cha madrasa zetu. Kwenye jagi la maziwa ongezeni birika la uji wa ulezi, na sahani ya dagaa isionekane kuwa chakula cha aibu mbele ya wageni. Na kila aliyeacha maziwa ajiulize leo hii swali moja tu: je, mahali pake nimeweka nini? Kama jibu ni "sijaweka kitu", soko la dagaa liko wazi kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq.